Saa Kumi Alfajiri

Shosho hana hata ng'ombe mmoja, lakini bado huamka saa kumi alfajiri. Alizoea akiwa mtoto, kwa shamba la mzungu huko Njoro. Babake alikuwa skwota. Sheria ya 1918 ilimtaka skwota afanye kazi siku 180 kwa mwaka ndio aruhusiwe kuishi na kulima hapo. Ile ya 1937 ikafungua njia hadi 270. Ukikataa kukamua gizani, unapoteza kazi, nyumba na shamba siku moja.

Leo, kabla ya Valentine, majirani zangu Naivasha hufunga maua hadi usiku. Watu husema ati wamezoea. Mimi nauliza tu: wakikataa, kodi ya Karagita italipwa na nani?