Kutoka kanda ya DV hadi H.265: historia fupi kwa anayenunua laptopu ya video Kalobeyei

Leo tuongee kuhusu laptopu ya kuhariri video, ila tupitie historia kwanza. Ukiulizia mashine ya video dukani, jibu la haraka ni "chukua i7, hiyo ndiyo yenye nguvu". Kazi yangu ni kuandika programu, na nawaambia jina hilo peke yake halisemi kitu. Akiba ya kikundi kizima cha vijana inaweza kupotelea hapo.

Tuanze 2001. Mwaka huo shirika la FilmAid lilianza kazi katika kambi ya Kakuma, likionyesha filamu usiku nje kwenye skrini kubwa, na baadaye likawafundisha wakimbizi kutengeneza filamu zao wenyewe. Enzi hizo watengenezaji wadogo wa video duniani walitegemea kanda ya DV. Saa moja ya DV ilikula takriban GB 13 za diski. Shida ilikuwa diski, si prosesa, maana kila picha ilihifadhiwa kivyake na kuikata ilikuwa rahisi. Jasho lilikuja mwishoni, wakati wa kuenkodi MPEG-2 ya kuweka kwenye DVD. Mashine iliachwa ikifanya kazi usiku kucha.

2003 ikaja H.264. Kodeki hii huhifadhi picha moja nzima, kisha mabadiliko tu ya picha zinazofuata, kwa ustadi kuliko MPEG-2. Faili likapungua karibu nusu kwa ubora uleule, lakini hesabu zikaongezeka sana. Kamera na simu nazo zikaanza kurekodi humo moja kwa moja. Kuanzia hapo hata kusogeza video mbele na nyuma tu kukawa kazi nzito kwa prosesa.

Dawa ilipatikana 2011. Intel iliweka Quick Sync ndani ya prosesa zake, yaani sehemu ndogo ya chipu isiyojua kazi nyingine ila video. Nvidia ikafuata na NVENC mwaka 2012. H.265 ikatoka 2013, faili likapungua tena na hesabu zikapanda tena. Kufikia 2020, Apple ikatoa MacBook Air yenye chipu ya M1, isiyo na feni kabisa, na ikahariri 4K bila taabu.

Sasa turudi dukani. Laptopu ya ex-UK yenye i7-4600U ni ya 2013: viini 2, na haina sehemu maalumu ya kufungua H.265. Yenye i5-8250U ni ya 2017: viini 4, na H.265 inafunguliwa na chipu yenyewe. Zote ni za wati 15. Hapo "i5" inaiacha "i7" mbali!

Kalobeyei, makazi yaliyoanzishwa 2016, jambo hili lina uzito zaidi kwa sababu umeme hapa ni wa sola na jenereta. Piga hesabu: betri ya watisaa 50 ikinyonywa wati 100 inakwisha kwa nusu saa. Kwa wati 20 inakupa saa mbili na nusu. Ongeza joto la Turkana, nyuzi 35 mchana. Prosesa ikichemka inajipunguzia kasi yenyewe, na nguvu uliyolipia huioni.

Lakini chipu maalumu ina gharama yake. Kwa ubora uleule, faili lake huwa kubwa kuliko la programu kama x264 inayotumia prosesa polepole. Ukipakia kwa bando, hizo MB ni pesa yako. Ushauri wangu: nakala za majaribio enkodi kwa chipu, na nakala ya mwisho enkodi kwa x264 mchana jua likiwa kali, laptopu ikiwa kivulini.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa:

- Soma namba nzima ya prosesa, usiishie "i5" au "i7".
- RAM iwe GB 16 na diski iwe SSD.
- Beba klipu kutoka simu yako mwenyewe. Ifungue kwenye programu ya kuhariri, chaja ikiwa imechomolewa. Ikikwama, rudisha mashine mezani.

Kila la heri.