Chema Chajiuza, Lakini kwa Njia

Wahenga walisema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Katika chuo cha ualimu niliwaambia wanachuo kwamba hata chema huhitaji njia ya kufikiwa. Historia ya intaneti yathibitisha hayo.

Katika miaka ya 1990, mitambo mingi ya kutafutia habari ilitegemea mno kuhesabu maneno. Wajanja wakarudia neno moja mara nyingi, wakalificha kwa rangi ile ile ya ukurasa. Kibaya kikajitembeza. Mwaka 1998, Larry Page na Sergey Brin wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza kipimo kingine: kiungo ni ushahidi, na shahidi anayetajwa na wengi ana uzito zaidi. Wazo hilo lina babu yake: mwaka 1955 Eugene Garfield alipendekeza faharasa ya kuonyesha makala ipi imetajwa na zipi. Wajanja wakaanza kununua viungo. Mwaka 2012 Google ikawashusha kwa programu iitwayo Penguin.

Busara iliyobaki ni ya mwalimu: kila ukurasa umwelekeze msomaji kwenye mwenzake unaohusika, kwa maneno yanayotaja kilichomo. Kitabu kisichoandikwa katika katalogi ya maktaba chaweza kuwa chema. Lakini nani atakisoma?