Figo ya ndugu: historia iliyoanza na mapasa wawili

Huku Kasongo mtu akilazwa hospitalini, jamaa yote inalazwa naye. Mmoja analala chini pembeni ya kitanda, mwingine anapika bugali na sombe na kuvileta, mwingine anabaki shambani asiache mpunga uliwe na ndege. Upasuaji wa kupandikiza figo, ambao wengi wanausikia kama jambo la mashine na waganga wakubwa, nao ulifaulu mara ya kwanza ndani ya jamaa moja.

Ilikuwa mjini Boston, Marekani, mwaka 1954. Richard Herrick, kijana wa miaka 23, alikuwa akifa kwa ugonjwa wa figo. Mapasa wake, Ronald, alikuwa mzima. Waganga walikuwa wamekwisha kujaribu kupandikiza figo, lakini mwili wa mgonjwa huikataa figo ya mwingine kama unavyopigana na ugonjwa. Waliamini kwamba kwa mapasa waliotoka yai moja mwili hautakataa. Ili kuhakikisha, walihamisha kipande cha ngozi kati ya ndugu hao, na kikashika. Hata alama za vidole zilichukuliwa kwa polisi.

Lililobaki lilikuwa gumu zaidi: kumpasua mtu asiyeumwa lolote. Usiku wa kuamkia upasuaji, Richard alimwandikia ndugu yake barua fupi akimwambia aondoke, arudi nyumbani. Ronald alimjibu kwamba yupo na atabaki. Kesho yake, tarehe 23 Desemba, Daktari Joseph Murray na wenzake walifanya kazi hiyo. Richard akapona, akamwoa muuguzi aliyemhudumia, akazaa watoto wawili, akaishi miaka 8 zaidi. Ronald aliishi na figo moja hadi Desemba 2010, akiwa na miaka 79. Murray alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990.

Si kila mgonjwa ana mapasa. Ndiyo maana zilitafutwa dawa za kuzuia mwili usiikatae figo, na tangu miaka ya 1980 dawa hizo zimekuwa bora sana. Lakini lazima zimezwe kila siku, muda wote figo hiyo inapofanya kazi. Upasuaji ni wa saa chache. Kuzitafuta dawa na kurudi kwa vipimo ni kazi ya miaka, na kazi hiyo inabaki kwa jamaa.

Upasuaji huu sasa umekaribia kwetu. Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma mwaka 2018. Mwaka 2023 zikafuata King Faisal ya Kigali na Mulago ya Kampala. Hata hivyo, kwa jamaa ya Kasongo bado ni pasipoti, nauli, nyumba ya kupanga ugenini na watoto walioachwa kwa shangazi. Anayetoa figo naye anahitaji wiki kadhaa bila kubeba gunia wala kutwanga. Nani atashika jembe lake? Swali hilo lijibiwe kabla ya safari. Na kwa waliokimbia vita Kabambare, mgonjwa wa namna hii akitoka mbio bila dawa zake, figo aliyopewa inaweza kufa. Dawa na karatasi yenye majina yake zikae katika mfuko unaobebwa wa kwanza.

Kasongo ina sehemu yake katika historia ya afya. Tangu miaka ya 1970, mradi wa Kasongo, pamoja na Taasisi ya Tiba ya Nchi za Joto ya Antwerp, Ubelgiji, ulionyesha namna vituo vidogo vilivyo karibu na watu vinavyoweza kufuatilia wagonjwa wao. Presha na kisukari ni kati ya mambo yanayoharibu figo zaidi, na vyote viwili hukaa mwilini kimya kwa muda mrefu. Kupima presha kunachukua dakika chache. Mzee wa nyumba akipimwa mapema na kufuata dawa, huenda hakuna ndugu atakayelazimika siku moja kuulizwa kama yuko tayari kutoa figo yake.