Bati la Kogo

Mwaka juzi, bonasi ya chai ilipoingia, wajomba zangu waliamua kubomoa nyumba ya Kogo, huku kwetu karibu na Litein. Mabati ya zamani yangeuzwa kwa watu wa vyuma chakavu, kwa kilo. Kogo akakataa katakata. Mabati hayo yalinunuliwa kwa pesa ya chai yake, alisema, na wote walilelewa chini yake.

Nilidhani ni ukaidi wa uzee tu. Lakini Brooke Bond na James Finlay walipoingia Kericho miaka ya 1920, bati lilikuwa la kiwanda na la nyumba ya meneja. Wakipsigis waliotazama kutoka ng'ambo ya shamba waliezeka kwa nyasi, na chai yenyewe hawakuruhusiwa kuipanda. Mlango ulianza kufunguka baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954. KTDA ikaundwa 1964. Kwa watu wa rika la Kogo, bati ni risiti.

Mimi nilikuwa na swali lingine: mbona halikuoza? Kericho mvua ni karibu kila alasiri, na ya mawe haikosi. Kumbe ile ngozi ya fedha si rangi. Mwaka 1837, Mfaransa Stanislas Sorel alipata hataza ya kuchovya chuma ndani ya zinki iliyoyeyuka. Zinki huchovywa ikiwa na joto la nyuzi 450 hivi, wakati chuma huyeyuka kikipita 1,500. Kwa hivyo chuma hakiyeyuki, ila atomi zake na za zinki huvuka mpaka na kushikana kwa hesabu maalum. Hapo katikati huzaliwa kampaundi ya metali na metali, kitu ambacho si chuma tena wala si zinki. Ni ngumu lakini hukatika kirahisi. Ikiwa nene, bati likikunjwa mawimbi linapasuka.

Dawa yake ikawa alumini kidogo sana kwenye sufuria ya zinki. Alumini ina haraka: hukifikia chuma kwanza, inaunda ngozi nyembamba mno ya atomi mbili za chuma kwa tano za alumini, na kuizuia zinki isizidishe.

Mabati ya siku hizi, yale wauzaji wanaita aluzinki, yamegeuza hesabu: alumini ni asilimia 55, na iliyobaki karibu yote ni zinki. Hapa ndipo mambo huwa moto, si mafumbo. Alumini nyingi ikikutana na chuma, inaungana nacho kwa fujo na kutoa joto jingi, kwa hivyo huongezwa silikoni, asilimia moja na nusu hivi, kuituliza.

Kuna wanaotaka fujo hiyo hiyo. Watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, ni kati ya waliopanga nikeli na alumini, tabaka juu ya tabaka, mamia kwa mamia, kila moja nyembamba kuliko unywele mara maelfu. Cheche ya betri tu inatosha. Atomi zina safari fupi sana ya kukutana, kwa hivyo joto la muungano wa kwanza linawasha wa pili, na moto unakimbia mita kadhaa kwa sekunde, bila kuhitaji hewa. Kinachobaki ni kampaundi ya nikeli na alumini. Joto lile linatumika kulehemu vipande vya elektroniki bila kuvichoma.

Niliwaeleza wajomba haya yote. Mmoja akaniuliza kama atomi zinalipa karo.

Mwishowe walielewana. Nyumba mpya ina mabati ya maruni, na yale ya zamani yaliyokuwa mazima yameezeka zizi. Mvua ya mawe ikianza saa tisa, Kogo anaacha sebule na viti vyake vipya, anaenda kusimama kwa ng'ombe.