Jino Lililopata Gundi

Tangu darasa la nne nina gego lililozibwa kwa madini meusi, na kwa miaka mingi nimecheka nikiwa nimeweka mkono mdomoni. Wengine mnanielewa.

Madini yale ni amalgamu: zebaki iliyochanganywa na fedha, bati na shaba. Ni imara, tena hudumu. Tatizo ni kwamba haishikani na jino. Ili isichomoke, daktari alichonga tundu lenye mdomo mwembamba na tumbo pana, kama mtungi. Yaani ilibidi akate hata sehemu ambayo haijaoza.

Mwaka 1955, Michael Buonocore wa Rochester, Marekani, aliazima ujanja wa viwandani, ambako chuma kilipakwa tindikali ya fosfori ili rangi ishike. Akaijaribu kwenye meno. Tindikali ikakwaruza uso wa jino, na plastiki ikapata pa kung'ang'ania. Mwaka 1962, Rafael Bowen akapata hataza ya resini iliyochanganywa na unga wa silika, mama wa vijazio vya rangi ya jino tunavyovijua leo.

Wengi husifia urembo wake. Sawa, kucheka bila aibu si jambo dogo. Ila kwangu kubwa zaidi ni hili: daktari sasa angeweza kuondoa kilichooza tu na kuacha kizima. Kwetu, ambako "ling'oe tu" bado ndiyo tiba ya wengi, hilo ndilo somo. Jino likiwahiwa, hubaki.