Kutoka Stempu ya Senti Moja hadi Ghorofa ya 94

Upandaji wa ngazi wa hisani, yaani shughuli ambayo watu hupanda kwa miguu ngazi za jengo refu baada ya kukusanya michango kutoka kwa ndugu, marafiki na wafanyakazi wenzao, ni njia iliyozoeleka ya kuchangia afya ya mapafu katika miji ya Marekani. Ijapokuwa desturi yenyewe ni changa, mashirika yaliyoikuza ni ya kale kuliko maghorofa hayo, kwa kuwa yalizaliwa katika vita dhidi ya kifua kikuu.

Robert Koch alipotangaza mjini Berlin mwaka 1882 kwamba kifua kikuu huletwa na bakteria, chanzo kilijulikana lakini dawa haikupatikana, na kwa miongo sita iliyofuata tegemeo kubwa la wagonjwa lilikuwa sanatoria, yaani hospitali zilizojengwa mbali na moshi wa miji, ambako mgonjwa alipumzishwa, akalishwa vizuri na kulazwa penye hewa safi kwa miezi mingi, pengine miaka. Matunzo hayo yalikuwa ghali, na waliougua zaidi walikuwa maskini. Mwaka 1904 ilitolewa stempu ndogo ya Krismasi iliyobuniwa na mfanyakazi wa posta wa Denmark, Einar Holbøll, ambayo haikulipia usafirishaji wa barua, bali ilibandikwa kando ya stempu ya kawaida kama mchango, na mwaka huohuo ziliuzwa zaidi ya milioni nne. Jacob Riis, mwandishi mzaliwa wa Denmark aliyeishi Marekani na aliyefiwa na ndugu zake kadhaa kwa ugonjwa huo, aliandika makala kuhusu stempu hizo mwaka 1907. Makala hiyo ilisomwa na Emily Bissell wa jimbo la Delaware, wakati ambapo hospitali ndogo kando ya mto Brandywine ilihitaji dola 300 ili isifungwe. Bissell alichora stempu yake, akaiuza kwa senti moja, na akapata takribani dola 3,000, mara kumi ya zilizohitajika. Ubora wa wazo hilo ulikuwa katika bei yake, maana hata mtoto mwenye senti moja aliweza kushiriki katika kumtibu mgonjwa asiyemjua.

Chama cha kitaifa cha kupambana na kifua kikuu, kilichoundwa mwaka 1904 chini ya urais wa daktari Edward Livingston Trudeau, ambaye naye aliugua maradhi hayo, kiliendeleza uuzaji wa stempu kwa miongo mingi. Baada ya kugunduliwa kwa dawa ya streptomycin mwaka 1943 na nyingine zilizoifuata, sanatoria zilianza kubaki tupu, huku maradhi yatokanayo na tumbaku yakiongezeka hadi serikali ya Marekani ikatoa ripoti yake mashuhuri kuhusu madhara ya sigara mwaka 1964. Mwaka 1973 chama hicho kilichukua jina la American Lung Association, kwa kuwa kazi yake sasa ilihusu pia pumu, saratani ya mapafu na maradhi sugu yanayobana njia za hewa.

Mashindano ya kupanda ngazi yalipata umaarufu mwaka 1978, wakimbiaji walipopanda ghorofa 86 za Empire State Building mjini New York. Hayo yalikuwa mashindano ya michezo, si ya hisani. Mjini Chicago, shirika ambalo leo huitwa Respiratory Health Association, lililoanzishwa mwaka 1906 kupiga vita kifua kikuu, lilianzisha mwaka 1998 upandaji wa hisani wa jengo la John Hancock, lenye ghorofa 94 za kupanda na vidato 1,632.

Uteuzi wa ngazi una mantiki ya kitabibu. Anayepanda huinua uzito wa mwili wake wote katika kila hatua, misuli hudai oksijeni nyingi, na mapafu hulazimika kuiingiza mwilini haraka. Ndiyo maana madaktari wa upasuaji wamekuwa wakimpandisha ngazi mgonjwa anayetarajiwa kukatwa sehemu ya pafu, ili kukadiria kama atahimili. Katika upandaji wa hisani wamo wagonjwa wa mapafu wanaopanda taratibu, na wamo wazimamoto wanaovaa mavazi kamili ya kazi na kubeba mtungi wa hewa mgongoni, watu ambao kazi yao huwakutanisha na moshi wenye sumu na ambao hupanda ngazi hizohizo lifti zinapozimwa wakati wa moto.