Mwalimu, Mwanafunzi na Mbu

Fungueni vitabu vyenu, mfuate kwa macho huku mkisikiliza.

Wengi wenu mmepata kuugua malaria. Je, ilijulikanaje kuwa mbu ndiye aletaye ugonjwa huo? Ni habari ya mwalimu na mwanafunzi wake, na mwanafunzi huyo alikuwa mtu mzima kama ninyi.

Mwalimu alikuwa Daktari Patrick Manson, mtu wa Scotland, aliyezaliwa mwaka 1844. Alifanya kazi Uchina miaka mingi. Huko, mwaka 1877, aliona kuwa vijinyoo viletavyo matende huingia ndani ya mbu anyonyapo damu ya mgonjwa, vikakua humo.

Mwaka 1894 daktari wa jeshi la Bara Hindi, Ronald Ross, alimwendea Manson mjini London. Ross alikuwa na umri wa miaka 36, naye ni daktari wa siku nyingi. Mfaransa Laveran alikuwa amekwisha kuona vijidudu vya malaria katika damu mwaka 1880. Lakini Ross alivitafuta asivione, akakataa kusadiki. Manson hakumcheka. Alimkalisha mbele ya hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo, akamwonyesha. Ross akaona, akakubali. Ndipo Manson alipomweleza wazo lake: huenda mbu ndiye achukuaye vijidudu hivyo.

Mwaka 1895 Ross alirudi Bara Hindi. Tangu hapo somo lao likawa la barua. Waliandikiana barua zaidi ya 100, zikivuka bahari kwa meli.

Sasa sikilizeni vizuri. Mwalimu naye alikosea. Manson alidhani kuwa mbu hufia majini, na watu hupata malaria kwa kunywa maji hayo. Ross alijaribu kuwapa watu maji ya namna hiyo, lakini hakupata ushahidi. Akapasua mbu wengi mno, kwa miaka miwili, asipate kitu. Manson akazidi kumtia moyo asiache.

Tarehe 20 Agosti 1897, huko Secunderabad, Ross alipasua mbu wa aina nyingine, mwenye mabawa ya madoadoa, aliyenyonya damu ya mgonjwa. Katika tumbo lake akaona vijidudu vya malaria vikikua. Mwaka 1898, kwa kutumia ndege wadogo, akaona kuwa vijidudu hufika katika mate ya mbu. Basi si maji ya kunywa, bali ni kuumwa! Manson hakuona haya. Mwaka huo huo aliwatangazia madaktari wenzake habari za kazi ya mwanafunzi wake. Kisha Wataliani wakathibitisha kuwa malaria ya watu huchukuliwa na mbu aitwaye anofelesi. Mwaka 1902 Ross alipewa Tuzo ya Nobel.

Wanafunzi, chandarua mnachotumia usiku kina maana kwa sababu ya kazi hiyo. Kama Ross angeona haya kufundishwa ukubwani, au kama Manson angekataa kusahihishwa, watu wangalizidi kuogopa maji na kumwacha mbu.

Maswali ya kujadili darasani:
1. Manson alikosea jambo gani?
2. Ross alisahihishaje kosa hilo?
3. Je, wewe umepata kumfundisha mtu, naye akakufundisha?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.